Paa Jipya, Mkataba wa Zamani

Barabara ya taifa namba 3 hutoka Bujumbura kuelekea kusini ikiwa imebanwa pande mbili: kulia Ziwa Tanganyika, kushoto miteremko ya Mumirwa inayoanza karibu pale pale lami inapoishia. Hupita Kabezi, hupita Gitaza, hufika Rumonge kwenye michikichi, kisha huendelea hadi Nyanza-Lac. Zamani aliyesafiri jioni aliona taa nyingi zaidi majini kuliko nchi kavu, kwa kuwa wavuvi wa ndagala walikuwa na karabai na wenye nyumba walikuwa na vibatari. Siku hizi nyumba nazo zinawaka, na sababu iko juu ya mabati: sola.

Hakuna fumbo katika kuenea kwake. Burundi ni miongoni mwa nchi za dunia ambako umeme wa gridi umewafikia watu wachache zaidi. Takriban mtu mmoja kati ya kumi ndiye aliyeunganishwa. Hata aliyeunganishwa na Regideso, shirika la umeme la taifa, amezoea kukatikiwa. Jenereta lilikuwa kimbilio la wenye uwezo, lakini uhaba wa mafuta ulioanza kuibana nchi mwaka 2021, na kurudi kwa ukali zaidi miaka iliyofuata, umelifanya jenereta kuwa chuma cha kukaa uani. Wakati huo huo bei ya paneli imeshuka duniani kote. Mtu huanza na paneli moja ya kuwasha taa na kuchaji simu, akijaliwa huongeza ya pili, kisha siku moja fundi anapanda paani na paneli nane, anafunga invata ukutani, anaweka betri sebuleni, na friji inaanza kunguruma.

Siku hiyo nyumba inakuwa nyumba nyingine. Thamani yake imepanda. Njia ambazo moto unaweza kupita zimeongezeka. Pengine sehemu ya paa sasa ni mali ya kampuni iliyouza kwa mkopo. Lakini mkataba wa bima, kwa wale wachache walio nao, bado unaieleza nyumba kama ilivyokuwa siku ya kutia saini: vyumba vitatu, kuta za matofali ya kuchoma, paa la mabati. Kati ya maelezo hayo na paa lenyewe pana pengo, na hasara nyingi za wenye sola huangukia humo.

Wachache wenye mkataba

Mrundi wa kawaida akitaja bima huwa anawaza gari, kwa sababu ndiyo ambayo sheria inamlazimisha kukata na ndiyo ambayo polisi humuuliza barabarani. Bima ya nyumba huwa ya watu waliokopa benki kwa rehani ya jengo, ya kampuni, na ya wenye nyumba za kupangisha. Kampuni zipo. Socabu, kongwe kati yao, ilianzishwa mwaka 1977, na zimefuata nyingine kadhaa. Kuna Kanuni ya Bima iliyopitishwa kuwa sheria mwaka 2014, na kuna msimamizi, ARCA, ambaye kazi yake ni kuzichunga kampuni na kumlinda anayelipa ada.

Nchi ilipata funzo chungu kuhusu moto tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura lilipoteketea. Sola haikuhusika. Lakini siku ile iliwaonyesha watu wa pwani yote, ambao bidhaa zao na madeni yao yalikuwa mle, kasi ambayo moto hula mali iliyokusanywa kwa maisha mazima. Ililazimu hata helikopta zitoke Rwanda kuja kumwaga maji. Kama katikati ya mji mkubwa kulihitaji msaada wa namna hiyo, nyumba ya mlimani juu ya Kabezi haiwezi kujengwa kwa kutegemea gari la zimamoto. Hutegemea moto usianze, na ukianza, fidia iwepo.

Hesabu ya thamani

Swali la kwanza ambalo kampuni ya bima ingeuliza ni dogo: paneli ni sehemu ya jengo, au ni mali iliyomo ndani yake?

Kenya, ambako bima ya nyumba imeenea kuliko Burundi, hutoa mfano mzuri. Mikataba mingi ya nyumba huko hugawanywa kwa sehemu zenye herufi. Sehemu A ni jengo na vyote vilivyofungwa humo kwa kudumu. Sehemu B ni vyombo vya ndani. Sehemu C ni vitu vinavyotembea na mwenyewe, kama simu, kompyuta na kamera. Zinazofuata zinahusu wafanyakazi wa nyumbani na madai ya watu wengine. Paneli iliyopigwa bolti kwenye kenchi huingia A bila ubishi mkubwa. Invata iliyofungwa ukutani huweza kuingia A pia. Betri iliyokaa sakafuni, inayoweza kuchomolewa na kubebwa, huanza kuzua mjadala. Paneli zilizosimikwa ardhini, mbali na nyumba, huhesabiwa kama jengo jingine, sawa na banda au ukuta wa uzio, na hazilindwi mpaka zitajwe.

Popote zinapoangukia, thamani yake lazima iongezwe kwenye kiasi kilichokatiwa bima. Asipoongeza, mwenye nyumba hukutana na kifungu ambacho mikataba ya Kifaransa, lugha ya bima ya Burundi, imekibeba kwa miongo mingi na ya Kiingereza vilevile: fidia hupunguzwa kwa uwiano.

Tuseme nyumba imekatiwa bima kwa faranga milioni 40, na hiyo ndiyo iliyokuwa gharama ya kuijenga upya. Mwenyewe anaweka sola ya milioni 10 na hasemi. Sasa mali yote ni milioni 50, na bima ni ya milioni 40, yaani asilimia 80. Upepo unang'oa mabati ya upande mmoja na kuvunja dari. Hasara ni milioni 5, na hakuna paneli hata moja iliyoguswa. Kampuni hupima, huona kwamba mali ilikatiwa asilimia 80 tu, na hulipa milioni 4. Milioni moja imepotea kwa sababu ya paneli ambazo hazikuharibika. Watu wengi hudhani kwamba asiyetangaza sola hupoteza fidia ya sola peke yake. Ukweli ni kwamba anaweza kupunguziwa fidia ya nyumba nzima.

Kutangaza hugharimu kiasi gani? Ada hufuata thamani. Kama kiwango cha mkataba ni 2 kwa kila 1,000, hiyo milioni 10 ya ziada inaongeza faranga 20,000 kwa mwaka. Kiwango halisi hutofautiana na kampuni na nyumba, lakini hesabu ni ya aina hiyo, nayo humpa mtu picha ya anachokiokoa anaponyamaza na anachokihatarisha.

Nani mwenye paneli

Mwaka 2011 kampuni ya M-KOPA ilianzishwa Nairobi na kuleta utaratibu ambao Afrika Mashariki nzima imeuzoea: mteja hutoa kianzio, hulipa kidogo kidogo kwa simu, na akichelewa kifaa hujizima hadi alipe. Wengine wengi wameiga. Kwa familia isiyo na akiba, utaratibu huo umekuwa mlango wa kwanza wa umeme.

Kwa upande wa bima una swali lake. Kwa kawaida mkataba wa mkopo husema kifaa ni mali ya muuzaji mpaka malipo ya mwisho. Paneli ikiibwa mwezi wa tano, aliyepoteza mali ni nani? Muuzaji amepoteza kifaa, mteja amepoteza taa na bado anadaiwa. Bima ya nyumba hulipa mtu mwenye maslahi katika kitu kilichoharibika, na hapa wenye maslahi ni wawili. Inafaa mkataba wa mkopo useme wazi nani anabeba hasara ya wizi, radi na moto, na kama ada ya bima tayari imo ndani ya malipo ya kila siku. Mteja asiposoma anaweza kulipia ulinzi mara mbili, au asiwe nao kabisa huku akiamini anao.

Hata matajiri wamekwama kwenye swali hilo. Mwezi Agosti 2019 kampuni ya Walmart ya Marekani iliishtaki Tesla mahakamani, ikidai kwamba paneli zilizowekwa juu ya maduka yake zimeshika moto katika maduka saba. Paa lilikuwa la mmoja, paneli za mwingine. Waliyamaliza kwa makubaliano mwezi Novemba mwaka huo huo. Walmart ina wanasheria wa kutosha. Mwenye nyumba wa Kabezi ana karatasi moja tu aliyopewa dukani, na kila kitu kitategemea kilichoandikwa humo.

Moto unaoanzia kwenye kiunganishi

Je, sola huongeza hatari ya moto? Ujerumani ililichunguza swali hilo kwa makini. TÜV Rheinland na taasisi ya Fraunhofer ISE walikusanya matukio ya nchi nzima wakati ambapo ilikuwa na mifumo ipatayo milioni 1.3. Hadi mwaka 2013 waliorodhesha matukio takriban 430 ya moto au joto la kudhuru yaliyohusisha sola, na katika takriban 210 kati ya hayo chanzo kilikuwa mfumo wenyewe. Ukilinganisha na milioni 1.3, hatari ni ndogo mno. Lakini walipotazama chanzo cha matukio hayo, waliona sehemu kubwa ikiangukia makosa ya ufungaji, hasa viunganishi vilivyobanwa vibaya juu ya paa.

Sababu iko katika asili ya umeme wa paneli. Umeme wa Regideso hubadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde, na kila unapobadili hupita sifuri. Cheche ikitokea, ina nafasi ya kufa. Umeme wa paneli huenda upande mmoja bila kupumzika. Cheche ikianza kati ya ncha mbili zilizolegea, huweza kuendelea kuwaka na kuyeyusha plastiki, kisha kushika mbao. Paneli moja kubwa ya kisasa hutoa volti 40 hadi 50, nazo zikiunganishwa kumi kwa mfululizo hufika 400 au zaidi, kiasi cha kuua. Na hakuna swichi ya kuzima jua: maadamu kuna mwanga, nyaya kutoka paani zina umeme, hata kama invata imezimwa.

Chini ya paa kuna betri. Ile ya risasi na asidi hutoa gesi ya hidrojeni inapochajiwa, kwa hiyo chumba kisicho na hewa ni hatari. Ile ya lithiamu haitoi gesi hiyo katika matumizi ya kawaida, lakini ikiharibika au ikichajiwa na chaja isiyo yake huweza kuwaka moto mgumu kuuzima. Zote mbili hazifai kukaa chini ya kitanda wala kwenye njia ya kutokea, na ni huko hasa zinakowekwa, kwa hofu ya wezi.

Ndiyo maana kampuni ya bima hutaka kujua nani aliyefunga. Kenya ilitunga kanuni za sola mwaka 2012 na kuwapanga mafundi katika madaraja matatu ya leseni: T1 kwa mifumo midogo, T2 kwa ya kati, T3 kwa mikubwa pamoja na ile inayounganishwa na gridi. Leseni hizo sasa hutolewa na mamlaka ya EPRA. Mkadiriaji hasara akifika kwenye majivu, namba ya leseni ya fundi humpa mahali pa kuanzia. Ufaransa huenda mbali zaidi: mjenzi hulazimika kuwa na bima yake mwenyewe ya miaka 10 kwa kasoro kubwa za kazi yake, utaratibu uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1978. Kwenye pwani ya Tanganyika mafundi wengi ni hodari na wengi wamejifunza kwa kutazama. Fundi hodari hana cha kuogopa akiombwa aandike kwa mkono wake kwamba amefunga paneli ngapi, za wati ngapi, kwa waya wa unene gani, na kwamba ameweka swichi ya kukatia umeme wa paani.

Katika moto kuna kifungu kingine ambacho wengi hukigundua wakiwa wamechelewa. Mikataba ya moto ya Afrika Mashariki kwa kawaida hailipi kifaa cha umeme kilichojiunguza chenyewe kwa shoti au kwa kuzidiwa. Invata ikiungua ndani ya kasha lake, hakuna fidia. Moto ukitoka kwenye invata ukashika pazia na paa, pazia na paa hulipwa, na invata iliyouanzisha bado hailipwi. Anayetaka kuilinda invata yenyewe lazima anunue nyongeza ya uharibifu wa umeme, ambayo wakala asipoulizwa huenda asiitaje.

Radi za upande wa magharibi

Mwaka 2016 wanasayansi waliotumia kumbukumbu za setilaiti ya NASA walitoa orodha ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani. Ya kwanza ilikuwa Ziwa Maracaibo la Venezuela. Barani Afrika ya kwanza ilikuwa Kabare, karibu na Bukavu, mashariki mwa Kongo, yenye miale 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kutoka Kabare hadi ncha ya kaskazini ya Tanganyika si mbali, na watu wa Kabezi hawahitaji setilaiti kuwaambia mawingu ya Machi yanabeba nini.

Paneli haziiti radi kuja. Lakini zimeweka nyaya ndefu juu ya nyumba, na radi ikipiga hata mti wa jirani, msukumo wake huingia kwenye nyaya hizo na kushuka hadi invata, betri, redio na televisheni. Kinga yake inajulikana: fremu za chuma ziunganishwe na waya wa ardhini, na kifaa cha kukinga msukumo wa umeme kiwekwe kabla ya invata. Gharama yake ni ndogo mbele ya gharama ya invata. Mikataba ya moto kwa desturi hutaja moto na radi pamoja, kwa hiyo radi inalindwa. Ugomvi hutokea pale kampuni inaposema kilichounguza kifaa ni shoti ya kawaida. Hapo picha ya waya wa ardhini, tarehe ya dhoruba, na majirani waliounguliwa usiku ule ule ndivyo vinavyoamua dai.

Dhamana ya kiwandani haisaidii hapa. Mnunuzi huambiwa paneli ina miaka 25, naye hudhani amepata bima ya miaka 25. Hiyo ni ahadi ya kiwanda kwamba paneli itaendelea kutoa sehemu kubwa ya umeme wake. Haihusu radi, wizi, jiwe la mtoto wala mti ulioanguka. Vifaa vidogo vya seti vilivyopasishwa na mpango wa ubora wa VeraSol, uliorithi kazi ya Lighting Global mwaka 2020, huja na dhamana fupi zaidi. Kwa seti za nyumbani kima cha chini ni miaka miwili.

Wizi, na kazi ya usiku

Bima ya wizi huwa na sharti la kuvunja na kuingia. Mwizi avunje mlango, akate nondo za dirisha, aache alama. Paneli iko nje. Aliyepanda paani saa nane usiku na kufungua bolti nne hakuvunja wala hakuingia popote, na kampuni inaweza kusema kwamba tukio hilo halimo. Mwenye sola anapaswa kuomba paneli zitajwe kwa idadi na namba zake, na wizi wa nje uandikwe wazi kuwa unalindwa. Kampuni inaweza kujibu kwa masharti: bolti zisizofunguka kwa spana ya kawaida, taa ya nje, uzio. Ni masharti ya haki.

Kisha kuna ziwa na kazi yake. Uvuvi wa ndagala hufanywa usiku, kwa mwanga unaowavuta samaki juu. Karabai za mafuta ya taa zimekuwa zikipisha taa za LED zinazotumia betri, na betri hizo zinaweza kuchajiwa mchana na sola za majumbani. Nyumba yenye paneli sita karibu na mwalo inaweza kuchaji betri za mitumbwi ya majirani kwa malipo, pamoja na simu za kijiji. Ni biashara safi na yenye manufaa. Lakini mkataba unasema nyumba ya kuishi. Betri kumi za watu wengine zikiwa zimepangwa ukumbini zikichajiwa pamoja, hatari si ile ambayo kampuni ilielezwa, nayo ina haki ya kusema hivyo baada ya moto. Tena betri zile si mali ya mwenye nyumba, kwa hiyo bima ya vyombo vyake haizilindi. Wavuvi waliopoteza taa zao watamdai yeye. Sentensi moja kwenye mkataba, inayosema kwamba nyumba hutumika pia kuchaji betri kwa malipo, ingebadilisha mambo yote hayo, kwa ada kubwa kidogo.

Ziwa linapopanda

Tanganyika hupokea mito mingi na hutoa maji kupitia mlango mmoja tu, mto Lukuga wa upande wa Kongo. Mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, ziwa hupanda polepole na hushuka polepole zaidi. Lilipanda sana miaka ya mwanzo ya 1960, likafikia kilele mwaka 1964. Likapanda tena tangu mvua kubwa za 2019 na 2020, na mwaka 2024 lilikaribia kimo kile cha 1964. Mwezi Aprili 2024 serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa waliomba msaada wa kimataifa. Zaidi ya watu 200,000 walikuwa wameathiriwa na mafuriko na mvua za msimu ule. Upande wa mlimani nako si salama: mwishoni mwa Machi 2015 maporomoko ya udongo yaliifunika Gitaza na kukata barabara.

Bima hulipa tukio la ghafla lisilotarajiwa. Mto uliofurika usiku mmoja unaweza kulipwa, kama mafuriko yametajwa kwenye mkataba. Ziwa lililosogea kwa miezi mpaka kizingitini ni jambo jingine, na kampuni huliona kama jambo lililotarajiwa. Juu ya hayo, sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 imetenga ukanda wa mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika usijengwe. Nyumba iliyo ndani ya ukanda huo huanza mazungumzo ya bima ikiwa na shida kubwa, hata sola yake iwe nzuri namna gani.

Katika mafuriko paneli huwa salama juu. Vinavyokufa ni betri na invata vilivyowekwa chini. Kuviinua mita moja na nusu ukutani hakuhitaji fedha nyingi. Familia ikihama, hufungua paneli na kwenda nazo kwa ndugu mlimani, uamuzi wa busara kabisa, ila ulinzi wa bima umefungwa kwenye anwani ya nyumba ile. Paneli ikivunjika ndani ya lori au ikiibwa kwa ndugu, mkataba wa zamani haulipi. Kampuni ijulishwe siku ile ile mali inapohama.

Barua ya kurasa mbili

Gridi nayo inakuja. Tangu Oktoba 2021 kituo cha sola cha Mubuga, karibu na Gitega, kimekuwa kikiingiza megawati 7.5 kwenye mtandao wa taifa. Mabwawa ya Jiji na Mulembwe, kwenye milima ya kusini, yamepangwa kutoa jumla ya megawati 49.5. Nyumba za pwani zenye sola zitakapounganishwa, litazuka suala la dhima kwa watu wengine: invata mbovu inayorudisha umeme kwenye waya uliozimwa inaweza kumuua fundi wa Regideso aliye juu ya nguzo. Jimbo la Florida huwataka wenye mifumo ya kati ya kilowati 10 na 100 iliyounganishwa na gridi wawe na bima ya dhima ya dola milioni moja. Kenya ilitoa kanuni zake za kubadilishana umeme na gridi mwaka 2024. Burundi ina nafasi ya kupanga yake kabla ya ajali ya kwanza.

Nafasi hiyo ni ya ARCA na kampuni pia. Mikataba ya nyumba huandikwa Kifaransa, na wenye nyumba wa Kabezi na Rumonge hufanya biashara zao kwa Kirundi na Kiswahili. Fomu moja ya maswali kumi katika lugha hizo mbili ingetosha: paneli ngapi, nani kafunga, betri ya aina gani na iko wapi, kuna waya wa ardhini, kuna biashara, ziwa liko umbali gani. Maswali hayo yanamfaa hata asiye na bima, kwa kuwa kila moja limetokana na nyumba iliyoungua, kuibiwa au kuzama mahali fulani.

Kwa aliye na mkataba, kazi ni ya kuandika. Sheria ya Ufaransa humpa mwenye bima siku 15 kuitaarifu kampuni hatari inapoongezeka. Mwenye nyumba wa Burundi asome kifungu cha mkataba wake na asingoje muda huo uishe. Barua itaje idadi ya paneli, wati zake, bei yake, jina la fundi, mahali pa betri, na kama kuna mkopo unaoendelea. Kazi ikiisha, ifuatwe na risiti, namba za paneli na picha nne: paa, invata, betri, waya wa ardhini. Nakala moja irudi nyumbani na muhuri wa kupokelewa, nyingine ihifadhiwe kwa ndugu anayeishi mbali na ziwa. Na barua yenyewe iandikwe kabla fundi hajapanda paani, kwa sababu kampuni ikitaka swichi ya ziada, au ikikataa betri kukaa sebuleni, ni rahisi kubadili mpango wakati paneli bado ziko dukani.